Nani Analipia Bando la Mwalimu?

Nikipangiwa kituo cha kazi, swali la kwanza nitakalomuuliza mkuu wa shule si kama shule ina kompyuta. Nitamuuliza ufunguo wa chumba cha kompyuta anao nani, na mara ya mwisho chumba hicho kilifunguliwa lini kwa ajili ya kipindi na si kwa ajili ya mgeni. Najua swali hilo halitanipatia marafiki haraka. Lakini chumba cha namna hiyo nimekwisha kukiona, na tangu hapo nikisikia mtu anajisifu kwamba shule fulani ina teknolojia, nasubiri kwanza anieleze inatumikaje.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya ualimu, masomo yangu Biolojia na Jiografia, mzaliwa wa Handeni. Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita BTP, katika shule moja ya kata wilayani Kilosa. Shule ina umeme, ina maabara isiyo na bomba la maji, ina mwembe mkubwa ambao ni ofisi ya pili ya walimu, na ina kompyuta kumi na kitu za mezani zilizotoka Ujerumani kwa hisani ya marafiki wa parokia ya jirani. Zimefunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, kama vile tunavyotandika kwenye makochi sebuleni. Nilipofunguliwa chumba nikawasha mojawapo, nikaanza kuandika bila kutazama vidole, na kila nilipotaka Y ikatoka Z. Kibodi ni za Kijerumani. Huko herufi hizo mbili zimebadilishana nafasi. Mwanafunzi atakayejifunzia pale atazizoea hivyo, kisha siku ya kwanza akipata kazi ya kuchapa stationari mjini, kila Yohana atakuwa Zohana.

Nilipomweleza mwalimu wa taaluma, alicheka. Akasema hakuna aliyewahi kulalamika. Hakuna aliyewahi kulalamika kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika.

Usidhani walimu wale ni wavivu, au wanaogopa mashine. Walikuwa na hesabu zao, na hesabu zenyewe zilikuwa sahihi. Kompyuta kumi zikiwashwa asubuhi, LUKU inayeyuka, na fedha ya umeme ni ileile inayotakiwa kununua chaki na karatasi za mtihani. Halafu kila mashine imeandikwa kwenye leja ya shule. Ikiharibika mikononi mwako, kuna maelezo ya kuandika, na pengine kuna kulipa. Ikikaa miaka bila kuguswa, hakuna anayeandikiwa barua. Kwa utaratibu huo hata mimi ningefunga mlango na kuuficha ufunguo.

Teknolojia iliyokuwa inafanya kazi pale shuleni ilikuwa mifukoni mwa walimu. Mwalimu wa Kemia alikuwa akisubiri usiku, bando likishuka bei, ndipo anapakua video za majaribio ambayo maabara yetu haiwezi kuyafanya. Walimu wa Biolojia wa wilaya wana kundi lao la WhatsApp. Humo hupita mitihani ya majaribio, maazimio ya kazi, picha za michoro, na ugomvi kidogo kuhusu majibu sahihi. Vitabu vya kiada husomwa kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa sababu nakala za karatasi zilizopo hazitoshi. Kazi yote hiyo inafanyika kwa simu iliyonunuliwa kwa mshahara wa mwalimu, na bando analojiwekea mwenyewe. Mgeni akija kuuliza habari za TEHAMA, anapelekwa kutazama vitambaa vya kufuma.

Ndiyo hoja yangu, na sitaizungusha. Tunahesabu mashine zilizofungiwa, tunasahau zinazofanya kazi. Na hizi zinazofanya kazi zinalipiwa na mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliokaa kwenye kikao cha kupanga mkakati.

Kuna mara moja Serikali iligusa palepale panapowasha. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi walivyotumia makarani kuhesabu watu vilihamishiwa kwenye elimu, vikagawiwa kwa walimu. Wenzetu wa Kenya walianzia kwa mtoto: kompyuta mpakato iliahidiwa kwa kila mtoto wa darasa la kwanza wakati wa kampeni za 2013, na kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa vishikwambi, vikapelekwa shule za msingi. Sisi, iwe kwa kupanga au kwa bahati ya sensa, tulianzia kwa mwalimu. Mimi naona tulianzia mahali pazuri. Mwalimu mmoja mwenye kifaa anachokijua anafika kwa watoto themanini kwa siku moja; kifaa kimoja kwa mtoto mmoja, katika nchi yenye madarasa kama yetu, kinafika kwa mtoto mmoja mpaka kioo kipasuke.

Ila tulikwenda nusu ya safari. Mwalimu niliyepokea vipindi vyake anacho kishikwambi chake cha sensa. Anakitunza kwenye mfuko wa kitenge alioshonewa na mkewe. Nikamuuliza, "Mwalimu, unakitumia kwa nini hasa?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mkopo. "Binti yangu, nilipewa chombo, sikupewa bando. Kikikaa nyumbani, wajukuu zako wanachezea gemu." Wajukuu zangu, yaani watoto wake wadogo, ndivyo anavyotania. Baadaye nikagundua anaweka humo vitabu vya kiada vyote vya somo lake, alivyopakua siku alipokwenda semina penye intaneti ya bure. Hakuniambia mwanzoni kwa sababu, nadhani, hakujua kwamba hiyo nayo inahesabika kuwa matumizi ya teknolojia.

Sasa niseme kidogo kuhusu darasani, maana huko ndiko hoja za watu wengi huishia, na zangu zinaanzia.

Nilipangiwa kufundisha mzunguko wa damu kwa kidato cha pili, mikondo miwili. Nikaazima projekta ya shule, ambayo kwa kawaida hutoka kabatini siku ya mahafali. Soketi ya darasani ilikuwa imekufa, kwa hiyo tukavuta waya kutoka ofisi ya walimu kupitia dirishani. Madirisha hayana pazia na jua la Kilosa mchana halina adabu; wasichana wakaleta mashuka ya bweni tukayaning'iniza kwenye nondo. Video niliyokuwa nayo ilielezwa na Mmarekani anayekimbia kama ana basi la kuwahi. Nikazima sauti, nikasimulia mwenyewe, Kiingereza kwa ajili ya mtihani na Kiswahili kwa ajili ya kuelewa.

Asubuhi ile nilikuwa nimepita buchani.

"Mwalimu, nikupimie steki?"

"Naomba moyo wa mbuzi, kaka. Mzima, usiukate."

"Wa supu au wa kuchoma?"

"Wa kufundishia."

Akaufunga kwenye gazeti bila kuuliza tena, akanipunguzia bei.

Kwa mkondo A nilivitumia vyote viwili kwa pamoja, nikidhani nimewapa karamu. Vali zinafunguka na kufunga ukutani, damu ya bluu inaingia, nyekundu inatoka, darasa kimya, wengine wamesimama. Moyo wa mbuzi ukapita dawati kwa dawati juu ya sahani. Hakuna aliyeutazama. Mmoja aliupokea huku macho yapo ukutani, akampa mwenzake kama anayepitisha bakuli la sadaka.

Mkondo B walipofika zamu yao, uniti zilikuwa zimekwisha. Mhasibu yuko mjini, LUKU hainunuliki mpaka arudi. Tukabaki na moyo, wembe na chaki. Nikauchana katikati, nikawaita kwa makundi waje watie kidole. Ukuta wa kushoto ni mnene, wa kulia ni mwembamba, na tofauti hiyo kidole kinaisikia kabla akili haijaambiwa. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza, akauliza kwa nini upande mmoja umekuwa mnene hivyo. Sikumjibu. Nikawaacha wabishane. Wakafika wenyewe: upande wa kulia unasukuma damu mpaka kwenye mapafu tu, hapa jirani, upande wa kushoto unaisukuma mpaka vidole vya miguu. Ni jambo ambalo mkondo A nililiandika ubaoni, wakalinakili.

Lakini mkondo B hawakuielewa vali. Moyo uliokufa haupigi. Vali zake ni vipande vya ngozi vilivyolala, na nichore nisichore, hazifunguki. Kesho yake nikaja na simu yangu, nikawapitishia ile video kundi kwa kundi, nusu dakika tu, pale vali inapofunga ili damu isirudi. Mwanzo tulikuwa tumetia kidole mahali penyewe, kwa hiyo walijua wanatazama nini. Simu yenye kioo cha kiganja, bila sauti, ikafanya kazi kuliko ukuta mzima wa mkondo A.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu mijadala yetu kuhusu teknolojia huwa ya kuchagua upande: wapo wanaotaka kila darasa liwe na skrini, na wapo wanaosema sisi tulisoma kwa chaki na tukawa madaktari. Wote hawajaniambia ni lini katika kipindi cha dakika arobaini skrini iwake na ni lini izimwe. Ujuzi wenyewe uko hapo. Kitu kinachosogea na macho hayakifikii, kama vali, kama chembe hai inayogawanyika, kama volkano inayojengeka kwa maelfu ya miaka, kioneshwe kwenye kioo. Kitu kinachopatikana buchani, kinunuliwe buchani.

Mhadhiri aliyekuja kunikagua aliingia mkondo A. Fomu yake ina sehemu ya matumizi ya TEHAMA. Akaniwekea alama nzuri sana. Kwa moyo wa mbuzi hapakuwa na kisanduku.

Nisimlaumu, fomu hakuitunga yeye. Lakini fomu inafanana na tunavyofundishwa. Chuoni tuna somo zima la teknolojia ya kufundishia. Tunalisoma ukumbini tukiwa mamia, kwa slaidi ambazo aliyekaa nyuma hazisomi. Kitini kina kurasa nzima za ile projekta ya zamani ya karatasi angavu za plastiki, ambayo sijawahi kuiona ikiwaka. Mtihani ukaja, tukaulizwa faida na hasara. Hakuna aliyetufundisha kupunguza ukubwa wa video ili ikae kwenye simu ya bei nafuu, wala kuandaa kipindi ambacho umeme ukikatika katikati kinaendelea, wala kukata sekunde ishirini unazozihitaji kutoka kwenye video ya dakika kumi na tano. Mambo haya nilifundishwa na yule mwalimu wa Kemia chini ya mwembe, wakati wa chai.

Tena nchi hii imewahi kulijua jambo hili vizuri kuliko sasa. Babu yangu hupenda kusimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na mwaka uliofuata Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Kilichokuwepo ni redio, na redio yenyewe si kila nyumba. Vikaundwa vikundi vya kusikiliza; kila wiki, kwa wiki kumi na mbili, watu wanakaa, wanasikiliza kipindi kuhusu malaria, kichocho, maji, kuhara, kisha wanafungua kitabu, wanajadili, wanaamua la kufanya. Babu anakumbuka zaidi kuchimba vyoo kuliko kusikiliza. Waliandaliwa viongozi wa vikundi karibu 75,000, na watu waliohudhuria wakafika takriban milioni mbili. Hebu itazame hiyo hesabu: kabla ya kuwasha redio, walifundisha watu 75,000 namna ya kukaa na wenzao baada ya redio kuzimwa. Siku hizi tunanunua mashine kwanza, mafunzo tunayapangia siku mbili hotelini ikiwa bajeti itabaki.

Mkoani kwetu Tanga lilifanyika jaribio jingine, la kisasa zaidi. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 wa vijijini, wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Vilikuwa na programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na wazo lilikuwa mtoto ajifunze mwenyewe bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na mitano idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Ni matokeo ya kuheshimika, na mimi kama mtu wa Handeni nayafurahia. Mtoto asiye na shule kabisa, kishikwambi ni heri mara mia kuliko kukaa. Ila tusome na upande wa pili wa ukurasa. Nusu nyingine ya wale watoto ilibaki haisomi neno. Na hata katika jaribio lililokusudia kumwondoa mwalimu, vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua vilihitaji watu wa kuviangalia, na kazi hiyo wakakabidhiwa akina mama wa vijijini. Mtu hakuondoka. Alibadilishiwa cheo tu.

Watu wakitaka mfano wa mwalimu na teknolojia, siku hizi humtaja Peter Tabichi wa Kenya, bruda Mfransisko aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019. Shule yake ya Keriko, kaunti ya Nakuru, ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alikuwa akienda saiba kupakua mambo, kisha anarudi nayo darasani ayatumie bila mtandao. Wengine humtaja Richard Akoto wa Ghana, ambaye mwaka 2018 picha zake zilienea dunia nzima akiwa amechora ukurasa wa Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi, kila kitufe mahali pake, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa na mtihani wa TEHAMA na shule haikuwa na kompyuta. Ninawaheshimu wote wawili. Lakini tukiwapigia makofi tu tutakuwa tumekwepa. Mmoja alitumia miguu na nauli yake, mwingine alitumia chaki na jioni zake, kuziba pengo ambalo si lao. Ushujaa wa mwalimu mmoja ukishafanywa ndio mpango wa nchi, siku akihamishwa mpango umehama naye.

Kuna jipya ambalo wahadhiri wetu wanalinong'ona koridoni: akili mnemba. Hosteli nzima inaandika maandalio ya somo kwa simu. Unataja mada na kidato, dakika haijaisha andalio limetoka, safi, lenye malengo na tathmini. Wenzangu kadhaa wamewasilisha maandalio yanayotaka kila mwanafunzi apewe lenzi ya mkononi, katika shule ambayo lenzi ni moja na inakaa mezani kwa mkuu. Mimi niliiomba inipangie kipindi cha Jiografia kuhusu mmomonyoko na mafuriko. Ikanipa mto Mississippi.

Kilosa ina mto Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulivunja kingo, ukaingia mjini, ukakata reli ya kati, na watu wakakaa kwenye mahema. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wachanga au hawajazaliwa, lakini hakuna nyumba isiyo na hadithi yake. Nikaachana na Mississippi. Usiku wa bando nikafungua ramani ya picha za setilaiti, nikapiga picha za kioo kuanzia milimani mpaka mjini, nikazihifadhi. Darasani nikazipitisha kwa makundi, nikauliza mto umepinda wapi na kwa nini. Nusu ya kipindi ikaishia kutafuta mapaa. "Madam, hili la kwetu, hili lenye bati jipya!" Baada ya mapaa ndipo wakaona kwamba mashamba yamefika mpaka ukingoni, kwamba milima imebaki na mabaka. Binti mmoja akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba shamba la baba yake lipo pale panapolika.

Sisemi akili mnemba haifai. Baadaye niliirudia nikaipa habari za Mkondoa, ikanipangia maswali ya kazi ya nyumbani ambayo yangenichukua jioni nzima, na mawili kati yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Inamfaa anayejua darasa lake. Asiyelijua itampa andalio la darasa la watu wengine, naye hataona tofauti.

Kuhusu simu za wanafunzi nitapita haraka, maana kila mtu ana msimamo wake. Ni marufuku shuleni, na kwa sasa naona marufuku ibaki. Kinachonisumbua ni kuzungumza kana kwamba nyumbani wanazo. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa ajili ya korona, vipindi vilihamia redioni na kwenye televisheni, na watoto wa mjini wakaendelea na katuni zao za Ubongo Kids. Zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni, waliorudi hawakuwa wametoka mahali pamoja. Simu ya nyumbani ni ya baba. Hurudi naye jioni ikiwa na chaji kidogo, na kama kuna kaka, kaka ndiye wa kwanza. Kazi yoyote ya nyumbani inayohitaji simu nitakuwa nimempa kaka.

Nitakachoomba basi ni kidogo na hakipendezi kwenye picha ya uzinduzi. Ruzuku ya shule iwe na kifungu cha bando la walimu na cha LUKU ya vipindi, kisichoweza kuliwa na karatasi za mtihani. Vishikwambi vya sensa vijazwe vitabu na video fupi zilizotengenezwa hapa, zenye sauti za walimu wa hapa, kwa kadi ya kumbukumbu, bila kusubiri mtandao ufike kila kijiji. Mwalimu akiharibu kifaa akiwa anafundisha, asiandikiwe barua. Aandikiwe yule aliyekifungia. Na sisi wa vyuoni tukaguliwe pia katika kipindi kimoja kisicho na umeme kwa makusudi, tuonekane tunafanya nini.

Najua nitakaloambiwa. Shule nyingine hazina madawati, wasichana wanakosa vyoo vyenye maji, na wewe unadai bando. Kweli kabisa, na kama ni kuchagua kati ya choo na kishikwambi, nachagua choo bila kupiga kura. Lakini fedha za kompyuta zinazofunikwa vitambaa zipo, zinatumika kila mwaka, na hazijengi choo wala haziingii darasani. Hizo ndizo ninazozizungumzia.

Mwenzangu wa chumbani alisoma rasimu ya makala haya akanishauri nisiyapeleke. Anasema ajira zenyewe hizi tunaziomba mtandaoni kwa maelfu, jina langu litakumbukwa vibaya, na isitoshe nikishaajiriwa nitakunja mikono kama wengine. Hilo la mwisho linawezekana. Ndiyo maana nimeandika sasa, wakati sina cheki namba ya kuihofia.